Kuandika Programu Yako Mwenyewe ya Kuendesha Projekta ya Leza

Wengi wanaoanza kazi hii hudhani wanaandika programu ya kuchora. Nami nilidhani hivyo. Nilipata projekta kuukuu ya disko, ya rangi tatu, kwa jamaa aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi hapa Jinja. Usiku mmoja nikakaa sebuleni Walukuba, nikaandika mistari kama sitini ya Python na kuiamuru ichore mraba. Ukutani kikatokea kitu kama yai lililokaliwa: pembe zimeyeyuka, upande mmoja umepinda, na mkia wa kijani unaning'inia mahali pasipotakiwa kuwa na mwanga kabisa. Mama mwenye nyumba akachungulia mlangoni. "Mwanangu, hiyo taa yako inaandika au inatetemeka?" Inatetemeka, mama.

Hesabu zangu zilikuwa sawa. Nilichosahau ni kwamba ndani ya lile sanduku kuna vioo viwili vidogo, na vioo vina uzito. Karibu kila kitu kilichomo humu chini kinatokana na hilo. Ukijua Python kiasi cha kuandika kitanzi na orodha, utaenda nami mpaka mwisho.

Kilichomo ndani ya sanduku

Mwale wa leza hugonga kioo cha kwanza, kinachoupeleka kushoto na kulia, kisha cha pili, kinachoupeleka juu na chini. Kila kioo kimeshikwa na mota ndogo iitwayo galvo. Haizunguki kama mota ya feni. Hujigeuza nyuzi chache upande huu na ule, ikifuata volti inayopewa. Ukiigeuza haraka mno, jicho la mtazamaji huacha kuona nukta likaona mstari.

Nyuma ya projekta tafuta tundu la pini 25 lililopangwa kwa kanuni za ILDA, chama cha kimataifa cha watu wa maonyesho ya leza. Pini 1 na 14 ni za X, pini 2 na 15 ni za Y, na pini 5, 6 na 7 ni nyekundu, kijani na bluu. X na Y hupokea kati ya volti −10 na +10, ukipima kutoka pini moja hadi mwenzake. Rangi hupokea 0 hadi 5. Projekta isiyo na tundu hilo, ile inayocheza maua na vipepeo vyake yenyewe ikisikia muziki, usiinunue kwa kazi hii. Michoro yake imefungiwa ndani na huna pa kuingilia.

Kati ya kompyuta na tundu panahitajika kigeuzi cha kubadili namba kuwa volti, ambacho mafundi wote wanakiita DAC. Wapo wanaotumia kadi ya sauti. Inawezekana, lakini kadi nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutokea zinazozuia volti iliyotulia, kwa hiyo picha yako itakuwa inateleza kurudi katikati kila ukiiweka pembeni. Wapo wanaojijengea kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), chipu ya MCP4922 na opampu za kupanua volti. Chipu hiyo ina njia mbili, kila moja ya biti 12, yaani ngazi 4,096. Kazi nzuri kwa anayependa kulehemu. Zipo pia za kuagiza, kama Helios inayotumia USB na Ether Dream inayotumia waya wa mtandao. Nilichagua Ether Dream kwa sababu moja tu: lugha yake iko wazi, na unaweza kuizungumza kwa soketi ya kawaida, yaani njia ya programu kuongea na kifaa mtandaoni, bila maktaba ya mtu mwingine.

Kabla ya mwanga wowote

Hapa usiruke hata sentensi moja. Projekta za disko zenye nguvu kati ya miliwati 5 na 500 huitwa daraja la 3B, na zaidi ya hapo ni daraja la 4. Jicho la mtu hufumba kwa kama robo sekunde likipigwa na mwanga mkali. Kwa daraja hizi, robo sekunde ni kuchelewa. Mwale unaokimbia kuchora picha kubwa hugawanya nguvu yake ukutani, lakini galvo ikikwama au programu ikiganda, nguvu yote hukaa kwenye nukta moja.

Funga projekta imara, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, ielekee ukuta usiong'aa. Ondoa kioo cha kabati, sahani za chuma, hata kalenda yenye plastiki. Dirisha lifungwe pazia. Usielekeze juu angani kwa sababu yoyote, maana mwale hauishii kwenye paa la jirani na ndege zina marubani. Simu pia ziwe mbali, kamera zake huungua.

Kisha weka kitufe chekundu cha dharura, kile kikubwa unachokiona kwenye mashine za kusaga posho. Pini 4 na 17 za ILDA ni kitanzi cha usalama: kikikatika, leza inatakiwa izime. Pitisha kitanzi hicho kwenye kitufe, upande ule unaokata mguso kinapobonyezwa. Halafu jaribu. Projekta za bei ya chini nyingine hupuuza pini hizo kabisa, na njia ya kujua ni kubonyeza ukaona. Ikipuuza, kitufe kikate umeme wa projekta yenyewe. Kitufe kikae mkononi mwako, kisiwe upande wa pili wa chumba.

Kuna jambo lililonifundisha adabu. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya majaribio. Laptopu ina betri, projekta haina. Nami kwa ujanja wangu nilikuwa nimeandika kwamba programu ikipoteza kifaa, ijaribu kuunganisha upya kila sekunde. Tukakaa gizani, tukaanza stori, nikaisahau. Umeme uliporudi, mpwa wangu alikuwa amesimama mbele ya ukuta akitafuta viatu vyake, na mraba wa kijani ukawaka kifuani pake. Kifuani, si usoni, na hiyo ilikuwa bahati tu. Usiku uleule nilifuta kipande hicho. Tangu hapo programu yangu, muunganisho ukikatika kwa sababu yoyote, hubaki kwenye giza mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Iandike hivyo tangu siku ya kwanza: giza ndiyo hali ya kawaida, mwanga lazima uombwe.

Anza na projekta bandia

Usiwashe leza bado. Andika kwanza programu ndogo ya pili inayojifanya kuwa projekta: inasikiliza kwenye kompyuta yako, inapokea nukta, inazichora kwenye dirisha. Ukitumia tkinter, inayokuja na Python, ni kazi ya jioni moja.

Ila ipe uzito. Ukichora kila nukta pale ilipotumwa, bandia yako itakuongopea, kila kitu kitaonekana kimenyooka. Badala yake weka kioo cha kuwazia kinachoburutwa nyuma:

```
kx += (x - kx) * 0.25
ky += (y - ky) * 0.25
```

Kwa kila nukta, kioo kinasogea robo tu ya umbali uliobaki. Galvo halisi ina tabia ngumu zaidi, hupitiliza na kurudi, lakini mistari hii miwili inatosha kukuonyesha lile yai langu la Walukuba kabla hujamulika mtu. Chora mraba kwa nukta nne tu uone. Nimefanya zaidi ya nusu ya kazi yangu kwenye bandia hii, nyingi yake umeme ukiwa umekatika.

Kukata mstari vipande

Uwanja wa kuchorea ni namba kutoka −32,768 hadi 32,767 kwa upande wa X, na vivyo hivyo kwa Y. Sufuri ni katikati. Kila nukta ina X, Y na rangi. Kioo hakiwezi kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine kwa nukta moja, kwa hiyo tunakata safari kuwa hatua ndogo:

```
import math

def mstari(x1, y1, x2, y2, rangi, hatua=800):
    urefu = math.hypot(x2 - x1, y2 - y1)
    n = max(1, math.ceil(urefu / hatua))
    return [(round(x1 + (x2 - x1) * i / n),
             round(y1 + (y2 - y1) * i / n),
             rangi) for i in range(1, n + 1)]
```

Mraba wenye upande wa 32,000 unapata nukta 40 kila upande, jumla 160. Bado pembe zitakuwa za mviringo, kwa sababu kioo kinapofika kwenye pembe kiko mbioni na hakiwezi kukata kona papo hapo. Dawa ni kukisubiri: rudia nukta ya pembe mara tano hivi, ikiwa imewaka. Pembe kali inahitaji zaidi, kona ya taratibu haihitaji kitu. Mimi hupima nyuzi za kona na kutoa nukta kati ya sifuri na nane. Ukirudia mno, utaona nukta inayong'aa kwenye pembe kama kichwa cha msumari. Punguza.

Sasa bajeti. Tuseme galvo zako zinastahimili nukta 20,000 kwa sekunde. Picha isipochorwa upya kama mara 25 kwa sekunde, inapepesa. Gawanya: nukta 800 kwa kila fremu, yaani picha nzima ikichorwa mara moja. Hiyo ndiyo mali yako yote, na kila mstari, kila kusubiri na kila safari ya gizani hulipiwa humo.

Chukua herufi A, kimo 12,000 na upana 7,000. Mguu mmoja una urefu wa 12,500, nukta 16. Miguu miwili, 32. Kileleni unasubiri 5. Chini kulia unasubiri 4, unazima mwanga na kuruka gizani hadi mahali pa kuanzia kile kijiti cha katikati. Gizani unaweza kukanyaga hatua kubwa za 1,600, basi nukta 3, halafu unasubiri 8 ukiwa bado gizani ili kioo kitulie. Kijiti chenyewe ni nukta 6. Jumla 58. Herufi nyingine hazipishani sana na hiyo, ziite 60. Neno KARIBU ni 360, ongeza kama 12 kwa kila mruko baina ya herufi, unafika 432. Linachorwa mara 46 kwa sekunde na limetulia kabisa. Lakini KARIBU JINJA ni herufi kumi na moja: 792. Umegusa dari. Isitoshe, herufi kumi na moja za upana huo haziingii uwanjani, itabidi uzipunguze. Nukta za mistari zitapungua nazo, za kusubiri hazitapungua hata moja. Ndiyo maana maandishi marefu yenye herufi ndogo huishinda projekta kabla ya mchoro mkubwa wa samaki.

Mpangilio nao una bei. Usichore mistari kwa jinsi ilivyokuja kwenye faili. Ukimaliza mmoja, tafuta ambao mwanzo au mwisho wake uko karibu zaidi, uanzie hapo, hata kwa kuuchora kinyumenyume. Ni mbinu ya mtu wa boda anayegawa mizigo, si hesabu kamilifu, lakini inapunguza sana safari za gizani.

Mkia wa kijani

Ule mkia ulinisumbua wiki nzima. Nilidhani kuna kosa kwenye kuzima mwanga. Kumbe mwanga ulizimika vizuri kabisa, tena upesi kuliko vioo. Rangi husikia amri karibu papo hapo, vioo vinakuja nyuma vikiburuta miguu. Ukiwasha taa na kuamuru kioo kwa wakati mmoja, taa inawaka kioo kikiwa bado njiani. Kwa hiyo rangi zicheleweshwe:

```
def chelewesha(nukta, n):
    r = [p[2] for p in nukta]
    r = r[-n:] + r[:-n]
    return [(x, y, c) for (x, y, _), c in zip(nukta, r)]
```

Kwa nukta 20,000 kwa sekunde, kila nukta ni maikrosekunde 50. Projekta yangu ilitaka n ya 6. Yako tafuta hivi: chora vijiti vinne vilivyoachana, ongeza n moja moja. Mikia itafupika upande mmoja. Ukizidisha, mikia itaota upande wa pili. Mpaka uliopo kati ya hali hizo mbili ndio jibu, na utabadilika kila ukibadilisha kasi.

Kuzungumza na kifaa

Ether Dream hujitangaza kwenye mtandao mara moja kila sekunde, kwa UDP (ujumbe unaorushwa bila kuunganisha kwanza), mlango 7654. Sikiliza hapo upate anwani yake na ukubwa wa bafa yake, yaani foleni ya nukta zinazosubiri kuchorwa. Kisha unaunganisha kwa TCP (muunganisho wa kudumu wa pande mbili) kwenye mlango 7765. Amri ni herufi moja: p ni jiandae, b ni anza, d ni nukta hizi hapa, s ni simama. Kila amri hujibiwa baiti 22, na punde tu ukiunganisha kifaa hutuma jibu la kwanza bila kuulizwa. Lisome, la sivyo majibu yote yatakayofuata yatakuwa yamepishana kwa moja.

```
import socket, struct

def pokea(s):
    d = b""
    while len(d) < 22:
        k = s.recv(22 - len(d))
        if not k:
            raise ConnectionError
        d += k
    return chr(d[0]), struct.unpack_from("<H", d, 12)[0]

def tuma(s, nukta):
    m = b"".join(struct.pack("<HhhHHHHHH", 0, x, y,
                 r, g, b, max(r, g, b), 0, 0)
                 for x, y, (r, g, b) in nukta)
    s.sendall(b"d" + struct.pack("<H", len(nukta)) + m)
    return pokea(s)
```

Kila nukta ni baiti 18. Rangi huanzia 0 hadi 65,535. Pokea inakurudishia herufi ya jibu na idadi ya nukta zilizobaki kwenye bafa. Jibu likiwa a, sawa. Likiwa F, bafa imejaa, subiri kidogo utume tena. Mpangilio wa kuanza ni huu: tuma p, jaza nukta elfu moja hivi, kisha tuma b pamoja na kasi:

```
s.sendall(b"b" + struct.pack("<HI", 0, 20000))
```

Baada ya hapo ni kitanzi: angalia zilizobaki, jaza mpaka kama 1,200, lala milisekunde tano, rudi. Nukta 1,200 ni milisekunde 60 za chakula. Python ikichelewa zaidi ya hapo, labda kwa sababu kivinjari kimefunguka, bafa inakauka na kifaa kinaacha kucheza. Itabidi uanze tena na p na b, na kwa kanuni yetu ya giza, ni mtu atakayeamua. Soketi ipe muda wa mwisho wa sekunde moja ili programu isigande ikingoja kifaa kilichozimika.

Michoro iliyokwisha kutengenezwa huja kwenye faili za ILDA. Kichwa chake ni baiti 32, kinaanza na herufi ILDA, na baiti ya nane inataja aina. Aina ya 5 ndiyo rahisi, baiti 8 kwa nukta: X, Y, hali, kisha bluu, kijani, nyekundu. Naam, bluu kwanza. Kwenye baiti ya hali, 64 maana yake ni giza na 128 ni nukta ya mwisho. Mtego mmoja: namba ya baiti mbili, faili hizo huiandika zikitanguliza baiti kubwa, Ether Dream hutanguliza ndogo. Nilipoteza Jumamosi nzima nikitazama kitu kama nywele zilizonyeshewa kabla sijabadilisha alama ya < kuwa > kwenye kusoma faili.

Mwanga wa kwanza

Mkono kwenye kitufe chekundu. Anza na nukta 12,000 kwa sekunde, picha ndogo ya robo ya uwanja, rangi moja, mwanga chini kabisa unaoweza kuonekana. Chora duara, maana halina pembe na haliumizi vioo. Sikiliza. Galvo zenye raha huvuma kidogo kama mbu wa mbali. Zikipiga kelele kali, au ukishika sanduku lake ukakuta moto, zima na upunguze kasi au ukubwa wa picha. Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi hupimwa kwa pembe ndogo, kwa kawaida nyuzi 8. Ukitanua picha ukuta mzima, kasi hiyo si yako tena.

Duara likitulia, leta picha ya majaribio ya ILDA. Ina mraba na duara katikati. Kwenye namba zenyewe duara ni kubwa na limevuka mraba, lakini vioo vikienda kwa kasi inayovifaa, duara husinyaa na kugusa pande za mraba kwa ndani tu. Likitoka nje, unaenda taratibu kuliko uwezo. Likiwa dogo lisiloufikia mraba, umezidisha. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho, na hakihitaji chombo chochote.

Weka pia mpaka ndani ya programu: nukta yoyote iliyo nje ya eneo ulilolipima ukutani izimwe rangi. Na ongeza mlinzi anayehesabu: ikiwa nukta 200 mfululizo zilizowaka hazijasogea, zima zote. Mlinzi huyu hajui kama galvo imekwama kweli, anajua tu ulichotuma, kwa hiyo hachukui nafasi ya kitufe.

Kwa sisi tulio kando ya ziwa, kuna nzi wa ziwani. Wakija usiku kwa wingi hufuata mwale, na kila mmoja akiupita humeta kama cheche, unaweza kudhani umewasha mashine ya moshi. Watoto wanapenda sana. Lakini huingia kwenye dirisha la projekta na kufia humo, na siku chache baadaye picha inaota ukungu upande mmoja. Chomoa waya wa umeme ukutani, futa kioo cha mbele kwa kitambaa laini na spiriti. Vile vioo viwili vya galvo usiviguse hata kwa unyoya.